Kompyuta nne ndani ya nyumba ya mawe: tupeane vipi faili bila kukimbia na flashi?

MpigaPicha_Langoni | Jumamosi, saa 4:20 usiku

Salaam aleikum wana jamvi. Naja na swali la nyumbani, maana magoti yameanza kulalamika na arubaini bado sijaifika.

Nyumba yetu iko Langoni, Lamu, nyumba ya mawe ya wazee, ghorofa mbili na dari. Kazi yangu ni picha na video za harusi. Kompyuta yangu ya mezani ya Windows 11 iko sabule, yaani sebuleni, chini, kando ya kiwanda (ua wa ndani), kwa kuwa ndipo penye ubaridi. Mdogo wangu ndiye mhariri, naye amejichimbia darini na laptopu ya Linux Mint, ule mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Mama ana laptopu kuukuu ya Windows 10 chumba cha ndani, humo ndimo lilimo daftari la wageni, kwani tuna vyumba viwili tunavyokodisha. Na dada yangu akija kutoka Malindi huja na MacBook yake na malalamiko yake.

Harusi moja hunirudisha nyumbani na kadi mbili za 64 GB, zimejaa pomoni. Namimina kwenye kompyuta, natia kwenye flashi, napanda. Anayezijua ngazi za nyumba zetu anajua: kila kidato kina urefu wake. Mdogo wangu anahariri, anashuka na flashi nitazame, napanda tena kumwambia bibi harusi amekatwa kichwa. Usiku mmoja nilihesabu safari kumi na moja.

Kilichonileta hapa ni mambo mawili. Flashi ya 32 GB, tupu kabisa, ilikataa video moja ya 6 GB ikidai ni kubwa mno. Halafu flashi hiyo hiyo ikarudi kutoka duka la kuchapisha picha na folda zote zimegeuka vialama vyenye mshale. Mama akabofya kimoja "nione ni nini." Tukaona ni nini: kirusi.

Hifadhi ya mtandaoni tulishajaribu. Video ilitoka sabule ikaenda bara sijui lipi ili irudi darini, kisa ivuke viwambaza viwili. Bando liliisha kabla haijatua. WhatsApp nayo inaibana mpaka nyuso hazitambulikani.

Nataka nilichokiweka chini kionekane juu, basi. Nina kama elfu nane za kutumia. Nitumie nini?

BandariBit | saa 4:31 usiku

LocalSend. Ya bure, inakaa kwenye Windows, Mac, Linux na simu, haigusi bando. Umemaliza, kalale.

dada_wa_shela | saa 4:50 usiku

Bandari, hiyo ni ya kurushiana, si ya kushiriki. Leo unatuma, kesho unarekebisha, unaanza kutuma upya. Kwa picha kumi za simu sina neno. Kwa GB 128 na mtu anayebadilisha kila siku, ataishia na nakala tano za harusi moja na hajui ipi ndiyo yenyewe. Hata hiyo Warpinator inayokuja na Mint tangu toleo la 20 la mwaka 2020 ni mambo yale yale: unarusha, mwenzio anadaka.

Mimi nampeleka Syncthing. Unachagua folda kwenye kila kompyuta, zinafahamiana, kisha zenyewe zinasawazishana. Ukibadilisha sehemu ya faili, vipande vilivyobadilika ndivyo vinavyosafiri, si faili nzima. Hakuna akaunti, hakuna wa kumlipa. Nyumbani kwangu inafanya kazi na nimeshasahau kama ipo.

Mwalimu_wa_Kompyuta | saa 5:05 usiku

Flashi yako haina ugonjwa, kaka. Imefomatiwa kwa FAT32, na FAT32 haibebi faili moja inayofika 4 GB hata kama diski ni tupu. Hamisha vilivyomo, uifomati upya kwa exFAT. Hiyo Microsoft waliitoa mwaka 2006, haina kikomo hicho, na Windows, Mac na Linux za leo zote zinaisoma. Ila exFAT haiweki shajara ya yale inayoyaandika, kwa hiyo stima ikikatika katikati ya kunakili, faili zinaweza kuvurugika. Mtu wa Lamu sina haja ya kumweleza stima kukatika ni nini.

WhatsApp nayo, tuma kama hati, si kama video. Haitabanwa, na inapokea mpaka 2 GB. Lakini bando ndilo hilo hilo, kwa hiyo hujatoka pale ulipokuwa.

FundiKebo_Malindi | saa 5:22 usiku

Mnamchagulia jembe na shamba hamjaliona.

Mpiga picha, nijibu kwanza. Ruta iko chumba gani? Ukinakili faili ya 1 GB kutoka sabule hadi darini kwa waifai, inachukua muda gani kwa saa ya mkononi, si kwa ahadi ya kile kimstari cha kijani? Na katika hizo kompyuta, ipi ina diski kubwa, na ipi huwa inawaka wakati wote kazi ikiwapo?

MpigaPicha_Langoni | Jumapili, saa 2:10 asubuhi

Ruta iko ghorofa ya kwanza, chumba cha wageni. Aliyekuja kutufungia intaneti alichomeka penye dirisha akaondoka zake. Faili ya 1 GB imechukua dakika saba na nusu. Nimepima na unene wa ukuta pale dirishani kwa futi ya mshonaji wa mama: sentimita 48. Kompyuta yenye diski kubwa ni yangu ya sabule, ina 4 TB na ina UPS, ile betri ya kuishikilia stima ikikatika. Mdogo wangu ana 256 GB tu na nusu yake ni michezo ya mpira.

FundiKebo_Malindi | saa 2:45 asubuhi

Umeona? Jibu lako liko kwenye hizo sentimita 48.

Dakika saba na nusu kwa GB moja ni kama megabaiti 2.2 kwa sekunde. Harusi yako ya GB 128 kwa mwendo huo ni saa kumi na sita. Weka LocalSend, weka Syncthing, weka chochote: bado ni saa kumi na sita, maana zote zinapita tundu lile lile. Jiwe la matumbawe na chokaa, nene hivyo, linameza waifai. Ile ya 5 GHz inakufa ukuta wa kwanza; ya 2.4 GHz inajikokota mpaka wa pili. Halafu kuna jambo watu hawalijui: kompyuta zote mbili zikiwa kwenye waifai, kila herufi inaruka hewani mara mbili. Inatoka sabule kwenda kwa ruta, kisha inatoka kwa ruta kwenda darini, na njia ni moja, wanapokezana. Mwendo wako umeshakatwa nusu kabla ukuta haujala fungu lake.

Vuta waya. Kebo ya mtandao ya Cat5e au Cat6 inakwenda hadi mita 100, na nyumba yako haifiki hata nusu ya hapo. Nunua swichi ndogo ya gigabiti yenye matundu matano, kile kisanduku cha kuunganishia kebo za mtandao, iweke hapo hapo kando ya ruta ghorofa ya kwanza. Waya mmoja unashuka sabule, mmoja unapanda darini, mmoja mfupi unaingia kwenye ruta. Faili zako zitapita kwenye swichi peke yake, hata kama ruta yenyewe ni ya mwendo mdogo. Ukipata gigabiti kamili ni kama megabaiti 110 kwa sekunde, yaani harusi nzima kwa dakika ishirini, kama diski zenyewe zinaweza.

Dukani kata ncha utazame nyuzi. Nyingine ni alumini iliyopakwa shaba juu juu. Ukiikwangua kwa kisu ndani inang'aa nyeupe. Irudishe. Na kipande kitakachokatiza kiwandani kiwe kebo nyeusi ya nje, ndani ya bomba, maana jua hula plastiki.

dada_wa_shela | saa 3:02 asubuhi

Kwa waya nakubali. Lakini waya ni barabara, bado hajapata gari.

Mzee_wa_Mkomani | saa 3:40 asubuhi

Wanangu, kiwambaza msikitoboe. Nasema mapema kabla hamjamkodishia mtu keekee. Chokaa ikianza kumeguka haisimami, hushika ndia mpaka tini. Na mui huu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, si kila ukuta ni wako kuufanya utakavyo. Nyumba hizi zina madirisha ya kiwandani, zina ngazi, zina boriti. Waya hupanda ngazi kama mtu, hulala juu ya boriti kama popo. Haudai tundu.

Jingine. Umesema una wageni. Mgeni wa chumba cha juu akifungua mashine yake, ataona nini? Hizo ni harusi za watu, mwanangu. Mabibi harusi wamefunuliwa humo, wana mikono ya hina na nywele wazi, kwa sababu uliingia ukumbi wa wanawake kwa amana.

MpigaPicha_Langoni | saa 4:15 asubuhi

Shikamoo mzee. Kwanza video za ukumbi wa wanawake hupiga binamu yangu wa kike, mimi sizifungui. Lakini zimo kwenye diski ile ile, na hilo la wageni halikuwahi kunipitia akilini. Wote tuko kwenye waifai moja, neno la siri limeandikwa ubaoni mlangoni.

Mwalimu_wa_Kompyuta | saa 4:30 asubuhi

Mzee amegusa penyewe. Ruta nyingi zina sehemu ya mtandao wa wageni: jina lake, neno lake la siri, na walio humo wanapata intaneti tu, hawaoni kompyuta nyingine. Uwashe huo, neno la siri jipya liende ubaoni, na la zamani libadilishwe leo leo. Tahadhari: mdogo wako asije akajiunga na huo wa wageni halafu mkeshe mkitafuta kwa nini sabule haionekani. Nimeona nyumba moja Malindi walihangaika siku mbili kwa kosa hilo.

kijana_wa_mokowe | saa 5:12 asubuhi

Kwa nini asichomeke diski ya nje kwenye tundu la USB la ruta? Nyingi zina hilo tundu, kila mtu anaiona, na hakuna kompyuta ya kuacha inawaka.

Mwalimu_wa_Kompyuta | saa 5:50 asubuhi

Wazo si baya, tatizo ni ruta zenyewe. Nyingi za bei ndogo zinaongea SMB ya toleo la kwanza peke yake. SMB ndiyo lugha ambayo Windows hutumia kugawa folda. Mzizi wake ni kazi ya Barry Feigenbaum pale IBM mwaka 1983. Toleo lile la kwanza ndilo lililokuwa na ufa uliopitiwa na WannaCry, kirusi kilichofunga faili za watu kikidai fidia, Mei 2017, na Windows za baadaye haziliweki tena ukisakinisha upya. Ukichomeka diski kwenye ruta ya namna hiyo, Windows 11 itakataa, halafu mtu mtandaoni atakushauri uwashe toleo la kwanza. Usiwashe. Hata kama ingekubali, kichakataji cha ruta ni kidogo, inanakili kwa kujikongoja.

Kwa upande wa Linux, lugha hiyo hiyo huongewa na Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwaka 1992. Jina alilipata kwa kupekua kamusi ya kompyuta akitafuta neno lenye herufi S, M na B kwa mfuatano. Kila nikisimulia hilo darasani wanafunzi huamka. Mac nayo tangu 2013 imeifanya SMB kuwa njia yake ya kawaida. Kwa hiyo nyumba yenye Windows, Mint na MacBook ina lugha moja ya kuelewana, na zote zinakuja nayo bila kununua kitu.

FundiKebo_Malindi | saa 6:05 mchana

Hilo ndilo gari analoliulizia dada wa Shela. Folda moja kwenye kompyuta ya sabule, inagawiwa kwa SMB, wengine wanaifungua kutoka walipo. Kuna nakala moja tu, ipi ndiyo yenyewe haliwi swali.

dada_wa_shela | saa 6:30 mchana

Na kompyuta ya sabule ikizimwa, wote wanakaa kutazamana.

FundiKebo_Malindi | saa 6:34 mchana

Na Syncthing mmoja akizima, mwenzake anasawazishana na nani, jini? Lazima zikutane zote zinawaka. Zaidi ya hapo dogo ana 256 GB. Nakala kamili ya harusi mbili hazimwingii. Akifuta yake apate nafasi, Syncthing itaifuata na kufuta ya kaka yake.

dada_wa_shela | saa 6:51 mchana

Ndiyo maana kuna mpangilio wa kutuma tu na wa kupokea tu, na kuna wa kuhifadhi matoleo ya zamani. Tatizo watu husakinisha, wakaona kijani, wakafunga. Ila hapo kwenye nafasi ya diski umenishika. Kwa video folda moja ya kugawana, kwa daftari la mama Syncthing. Nimerudi nusu hatua, usinisukume zaidi.

MpigaPicha_Langoni | Alhamisi, saa 3:30 usiku

Taarifa. Waya umepita. Kutoka dirisha la sabule unakatiza kiwanda, unaingia dirisha la ghorofani, swichi iko juu ya kabati kando ya ruta, kisha waya wa pili umepanda ngazi umelala juu ya boriti hadi darini. Jumla mita 31. Hakuna tundu hata moja, mzee. Bomba sijaweka, nitaweka.

Kugawa folda kumenitoa jasho kuliko waya. Nawaandikia nilipokwama, asije mwingine akakwama papo hapo.

Kwanza Windows ilikuwa inauchukulia mtandao wa nyumbani kama wa hadharani, kama vile niko hotelini, kwa hiyo ikajificha. Nikaubadilisha kuwa wa faragha, ikaonekana. Kisha darini Mint ikaomba jina na neno la siri. Mimi kompyuta yangu naifungua kwa PIN ya tarakimu nne tangu niinunue, neno la siri la akaunti silikumbuki, na PIN haikubaliki kupitia mtandao. Saa nzima hiyo. Nikajaribu kuruhusu mtu aingie bila neno la siri, Windows 11 yangu ya Pro toleo la 24H2 haitaki kusikia. Mwisho nikafungua akaunti ya pili kwenye kompyuta, nikaiita "familia", nikaipa neno lake la siri, nikaipa ruhusa kwenye folda ile tu. Ikakubali mara moja. Kwenye Mint unaandika juu ya dirisha la faili smb:// kisha jina la kompyuta na la folda, na MacBook vivyo hivyo.

Kompyuta nimezibatiza SABULE, NDANI na DARINI. Jina SABULE lilikataa kwenye Mint, nambari ya IP (anwani yake ndani ya mtandao) ikakubali. Usiku stima ikakatika, ruta ilipowaka ikaigawia SABULE nambari nyingine, asubuhi dogo ananiita kama nimemfungia mlango. Nimeingia kwenye ruta nikaifungia nambari moja ya kudumu.

Sasa jambo la kuuliza. Inanakili kwa megabaiti 11 kwa sekunde, haipandi haishuki. Ni afadhali mara tano, nashukuru, lakini 110 iko wapi?

FundiKebo_Malindi | saa 3:38 usiku

Kumi na moja isiyotikisika? Hiyo ni megabiti 100 kamili, kwa kuwa biti nane ndizo baiti moja na kidogo huliwa njiani. Si diski, si Windows. Gigabiti inatumia nyuzi zote nane. Ukikosa jozi moja, mashine zinapatana kwa mia bila kukuambia. Nani kakubania vichwa vya kebo?

MpigaPicha_Langoni | saa 3:45 usiku

Mimi na dogo. Koleo tuliazima.

FundiKebo_Malindi | saa 3:47 usiku

Chukua tochi. Kila kichwa kina meno manane ya rangi ya dhahabu. Tazama kama kila uzi umefika hadi mwisho kabisa wa plastiki, na kama meno yote yamezama sawa. Kisha tazama taa ya swichi: kwenye nyingi, rangi ya gigabiti si rangi ya mia.

MpigaPicha_Langoni | saa 4:40 usiku

Subhanallah. Kichwa cha upande wa darini: uzi wa kahawia umeishia katikati ya njia, haujagusa jino. Na cha sabule, ambacho nilikitoa kwenye kebo ya zamani tuliyokuwa nayo stoo nikakirudia, meno mawili yana kijani kama sarafu iliyookotwa ufuoni. Hewa ya bahari imeshakula.

Nimekata vyote viwili nikabana vipya, nikipanga rangi huku dogo akisoma kwa sauti kama mtu anayesomewa talaka: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu... Taa ya swichi ilikuwa ya chungwa, imegeuka kijani. Video ya 6 GB imepanda darini kwa dakika moja. Megabaiti 104.

Dogo anahariri moja kwa moja kutoka folda ya chini, hanakili kitu. Amekaa kimya, jambo ambalo si la kawaida.

BandariBit | saa 4:44 usiku

Kalale sasa.

MpigaPicha_Langoni | Jumanne iliyofuata, saa 7:15 usiku

Sijalala. Dogo amefuta harusi ya Ijumaa.

Hakukusudia. Alidhani folda anayoiona darini ni nakala yake, kama zamani za flashi, akaona haihitaji tena, akafuta. Nimekwenda kwenye pipa la taka la kompyuta yangu, tupu. La kwake, tupu.

Mwalimu_wa_Kompyuta | saa 7:19 usiku

Kilichofutwa kupitia mtandao hakiendi pipani. Kinaondoka. Usiandike kitu chochote kingine kwenye diski hiyo, zima kompyuta sasa hivi. Kadi za kamera ulishazifomati?

MpigaPicha_Langoni | saa 7:31 usiku

Moja bado iko kwenye mkoba. Ya pili imo ndani ya kamera, nilikuwa niifomati kesho asubuhi kwa ajili ya harusi ya Shela. Zote mbili zina vitu vyake. Mikono inatetemeka ndugu zangu.

FundiKebo_Malindi | saa 7:40 usiku

Alhamdulillahi. Kunywa maji. Kosa hili ni letu pia, tulikupa barabara ya kasi bila breki.

Gawa folda mbili, si moja. Ya kwanza iite ASILI: kila ulichokitoa kwenye kamera kinaingia humo, na akaunti ya "familia" ipewe ruhusa ya kusoma tu. Dogo atazitumia kwenye uhariri bila kunakili, ila akijaribu kufuta Windows itamkatalia. Ya pili iite KAZI, humo aandike na afute apendavyo.

dada_wa_shela | saa 7:52 usiku

Na hata hivyo, folda ya kugawana si akiba. Nasema hivyo hata kwa Syncthing yangu, msinicheke. Nunua diski ya nje, kila Ijumaa nakili ASILI, ichomoe, iondoke nyumbani kabisa. Dada yako si yuko Malindi? Awe na diski mbili mnazopokezana. Kadi zisifomatiwe mpaka hilo limefanyika. Nyumba ikipata mwivi au moto, au hizo alama za mshale zikirudi na safari hii zikafunga faili zote kwa kudai fidia, kilichochomolewa ndicho kitakachobaki.

Mzee_wa_Mkomani | saa 10:05 alfajiri

Na huyo kijana asigombezwe. Amefanya vile alivyozoea, vyombo ndivyo vilivyobadilika.

MpigaPicha_Langoni | Jumamosi, saa 11:20 jioni

Nimefanya yote. ASILI ni ya kusoma tu. Dogo nimemwambia ajaribu kufuta mbele yangu, imemkatalia, amecheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Diski ya nje nimeinunua, elfu nane imekwisha na kupita kidogo. Moja tu kwa sasa, dada ataondoka nayo kesho na basi la asubuhi.

Daftari la wageni la mama tumeliweka kwenye KAZI badala ya Syncthing, maana humo hatuwezi kuliandika wawili kwa pamoja: jana alilifungua wakati mimi pia nimelifungua, ikamwambia limefungwa na mtumiaji mwingine, akanipigia simu kutoka chumba cha ndani kuniuliza mtumiaji mwingine ni nani na ameingiaje nyumbani. Laptopu yake ya Windows 10 imekosa masasisho ya bure ya usalama tangu Oktoba 2025, kwa hiyo dogo ataitia Mint akimaliza harusi hii.

Limebaki moja. Mama ameuona waya mweusi pale kiwandani, umenyooka vizuri dirisha hadi dirisha, unapigwa na jua na upepo. Nimerudi kutoka Mkomani nikakuta kanga mbili na buibui zimeanikwa juu yake. Nimemwambia, mama, huo ni mtandao. Ananiuliza, kwani unakula nguo?

FundiKebo_Malindi | saa 11:34 jioni

Nilisema bomba. Kanga ni nyepesi, ziache zikauke. Shuka la maji asithubutu, litang'oa kichwa kile ulichokibana kwa tabu. Dirisha hadi dirisha mita ngapi? Nakuja Alhamisi, nije na bomba.

MpigaPicha_Langoni | saa 11:36 jioni

Saba. Fanya haraka, namwona anakuja na shuka.